Kidole Kilichotolewa kwa Unga



Nimeombwa nizungumze juu ya kampuni za teknolojia, serikali na uhuru wa mtu. Waandaaji waliniambia wamechagua mada hiyo kwa sababu ndiyo inayowakosesha vijana usingizi, wakibishana kwenye simu hadi alfajiri: huyu anailaani serikali, yule anazilaani kampuni, na kila mmoja anamwona mwenzake kibaraka. Nimeifuata mijadala hiyo kwa muda mrefu. Nimejibu watu, nimejibiwa, nimewahi kulala na hasira. Kwa hiyo leo sitajifanya mwamuzi. Nina upande, na nitausema.

Nianze na kopo.

Nyumbani kwetu, ndani ya sanduku la mbao ambamo nyanya alihifadhi hati za shamba, kulikuwa na kijikopo cha bati. Bapa, kinaenea kiganjani, kina vitundu viwili juu vya kupitishia uzi. Tukiwa watoto tulikichezea. Ukikifungua kinanuka kutu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo ikakatika. Juu yake zilionekana alama za vidole vya babu, zimefifia zimekuwa rangi ya chai. Chini yake, safu kwa safu: jina la mwajiri, kazi, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa, sahihi. Safu moja haikuwa na sahihi. Nyanya ndiye aliyetueleza. Babu alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la bwana mmoja, akaletewa habari kwamba mama yake yu taabani, akaomba ruhusa, akanyimwa, akaondoka usiku. Kwa miaka miwili baada ya hapo hakupita barabara kubwa mchana.

Hicho ndicho kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikachelewesha utekelezaji, na kufikia 1920 kilikuwa shingoni mwa watu. Mwanamume Mwafrika akitimiza miaka 16 aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yake atembee nayo ndani ya kopo. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele anayofungwa mbuzi ili akipotea asikike aliko. Aliyekutwa bila kipande alitozwa faini au alifungwa. Neno lenyewe bado tunalo: mpaka leo kuna Wakenya wengi ambao wakipoteza kitambulisho watakwambia wamepoteza kipande.

Nawaomba mziangalie zile safu kwa makini, maana ndizo zilizonifanya nikubali kuja hapa. Safu ya mshahara iliandikwa na mwajiri. Mwajiri wa pili akiisoma alijua wa kwanza alilipa ngapi, akatoa hizo hizo. Kibarua angedaije zaidi, na bei yake inaning'inia kifuani pake? Safu ya kuachishwa nayo ilihitaji sahihi ya mwajiri. Bila sahihi ulihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa jinai. Mwenye shamba alipeleka habari, serikali ikafungua rejista yake ya vidole Nairobi, polisi wakaanza kutafuta. Mwenye shamba alikuwa mtu binafsi anayetafuta faida. Serikali ilikuwa serikali. Ule uzi uliopita kwenye vitundu viwili vya kopo ulishikwa na wote wawili. Lau ungemsimamisha babu njiani ukamuuliza, "Nani anakunyima uhuru, serikali au kampuni?" nadhani asingelielewa swali.

Mwaka 1921 kijana mmoja aliyeitwa Harry Thuku alianza kukusanya watu Nairobi kulalamikia kodi, kupunguzwa mishahara, wanawake kulazimishwa kazi, na kipande. Napenda tuikumbuke kazi yake: alikuwa karani wa simu katika Hazina ya serikali. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiwe, wakapigwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa, na miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatangulia wanaume kuelekea bunduki.

Na kuna jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947, sheria ilibadilishwa ili watu wa rangi zote waandikishwe na kuchukuliwa vidole. Walowezi wakaja juu. Kuchukuliwa alama za vidole, walisema, ni kumvunjia mtu heshima na kumfanya kama mhalifu. Kelele zilikuwa kubwa hata ikaundwa tume kulichunguza suala hilo. Walikuwa wanasema kweli. Kweli hiyo waliijua tangu mwanzo. Wakaivumilia karibu miaka 30 ilipokuwa shingoni mwa wengine.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa leo, na nichukue kisa kimoja ambacho nyote mnakikumbuka.

Julai 24, 2023, mradi uitwao Worldcoin ulizinduliwa rasmi duniani. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Wazo lao si la kipuuzi, na ni haki tulieleze kama walivyolieleza wao. Mashine zimejifunza kuandika na kusema kama watu. Itafika siku usijue unayezungumza naye mtandaoni ni mtu au ni programu. Basi kila mtu athibitishwe mara moja kwa mboni za macho, kwa kuwa mboni za mtu hazifanani na za mwingine. Chombo cha kazi hiyo ni tufe linalong'aa, kama mpira wa chuma. Unalitazama, linapiga picha, mboni yako inageuzwa kuwa msururu wa tarakimu, nawe unapewa sarafu za kidijitali. Hapa Kenya mtu alipewa sarafu 25, ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi.

Foleni za KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, mliziona. Watu walifika kabla ya mapambazuko, wengine na watoto mgongoni. Kijana wa jirani yangu alikwenda. Nilipomuuliza aliporudi kama anajua jicho lake limepelekwa wapi, alinitazama kwa upole, kama mtu anayemhurumia mzee, akaniambia kwamba shilingi 7,000 ni kodi ya chumba chake na bado unga unabaki. Hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa mwezi ule.

Agosti 2, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, alitangaza shughuli hiyo isimamishwe. Bunge baadaye liliambiwa kwamba Wakenya wapatao 350,000 walikuwa wameshalitazama lile tufe. Nyaraka zilizofikishwa mahakamani zilionyesha kwamba Ofisi ya Kamishna wa Data iliitaka kampuni iache kukusanya data hizo tangu Mei, na ukusanyaji ukaendelea. Miezi miwili ikapita, na jicho moja baada ya jingine.

Hapo ndipo nchi ilipogawanyika. Wa upande mmoja wakasema: jicho ni langu, njaa ni yangu, serikali haijawahi kunilipia kodi ya nyumba, leo imepata wapi uchungu na mboni zangu? Inanizuia kwa sababu haikupata mgao wake. Wa upande wa pili wakasema: hawa ni wageni wenye pesa wamekuja kuvuna miili ya maskini kama walivyovuna pembe na mkonge, na bila serikali kusimama mlangoni tutauzwa rejareja. Kukawa na matusi. Waliokuwa kwenye foleni waliitwa kondoo na watu waliokuwa wameshiba.

Upande wa kwanza una neno la maana, nami silipuuzi. Mtu mzima ana haki ya kufanya biashara na kilicho chake bila kuomba ruhusa ya waziri. Lakini biashara ya kweli ina pande mbili zinazojua bei. Kijana wa jirani yangu aliijua bei ya unga, ila bei ya mboni hakuijua, na wala hapakuwa na mtu kwenye foleni aliyeijua. Tena nywila ya simu ikiibwa unaibadilisha. Ukipoteza kadi ya benki unapewa nyingine. Mboni hubadilishi. Ulizaliwa nayo na utazikwa nayo.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili: ridhaa. Wazo lake limo katika sheria zetu. Data ya mtu isichukuliwe bila ridhaa yake. Ridhaa na kuridhika vimetoka tumbo moja. Aliyeridhika ametosheka, moyo wake umetua. Anayetoa jicho lake kwa sababu mwenye nyumba atamfungia mlango Ijumaa amekubali, ndiyo, lakini hajaridhika. Mei 5, 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu alifikia hapo kwa njia ya kisheria. Kesi ilikuwa imefunguliwa na Katiba Institute pamoja na wengine. Alisema ridhaa iliyovutwa kwa ahadi ya sarafu si ridhaa halali, kwamba tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa ipasavyo kabla ya kazi kuanza, na akaagiza data hizo zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Siku ile nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi yake mwenyewe.

Upande wa pili wasikimbilie kushangilia pamoja nami. Serikali iliyosimama mlangoni Agosti 2023 kulinda mboni zetu ndiyo hiyo hiyo iliyozitaka.

Rudini nyuma hadi mwishoni mwa 2018. Bunge lilipitisha mabadiliko madogo madogo ya sheria mbalimbali, ya aina ile ambayo hupitishwa kwa mkupuo mmoja na wabunge wachache wakizisoma kurasa zote. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kuanzisha mfumo mpya wa utambulisho, tulioujua baadaye kwa jina la Huduma Namba. Kifungu hicho kilitaja vitu ambavyo serikali ingeweza kuchukua kutoka mwilini mwa raia, na ningependa mvisikilize polepole: alama za vidole, umbo la kiganja, umbo la ndewe ya sikio, retina na mboni za macho, mawimbi ya sauti, na vinasaba. Juu ya hayo, mahali hasa nyumba yako ilipo kwa vipimo vya setilaiti. Ndewe ya sikio, ndugu zangu! Sehemu ambayo bibi zetu waliitoboa wakaivalisha pete, ikaandikwa katika sheria ya Kenya kama mali ya rejista.

Kikundi kimojawapo kilichokwenda mahakamani ni Nubian Rights Forum. Hilo nalo lina sababu yake. Wanubi waliletwa na Waingereza kutoka Sudan kuwa askari, wakakaa Kibra vizazi kadhaa, na kwa miaka mingi kijana wao aliyeomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ahojiwe yeye ni nani. Mtu aliyekwisha kusimamishwa dirishani anajua kwamba rejista mpya ni dirisha jipya. Aprili 1, 2019, mahakama ilitoa amri ya muda: uandikishaji uendelee, lakini mtu asilazimishwe, na vinasaba na vipimo vya mahali visichukuliwe. Hata hivyo uvumi ulienea kwamba asiyejiandikisha hatapata huduma, na foleni zikawa ndefu. Zaidi ya watu milioni 30 walijiandikisha. Januari 30, 2020, majaji watatu walitoa hukumu kwamba kukusanya vinasaba na vipimo vya mahali ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo uliobaki usiendelee bila sheria kamili ya kuusimamia.

Oktoba 14, 2021, Jaji Jairus Ngaah alitoa hukumu nyingine juu ya mfumo huo. Serikali ilikuwa imeanza kutoa kadi. Alisema haikufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa sababu haikufanya tathmini ya athari kabla ya kuanza.

Tathmini ya athari. Yaani kukaa chini kabla hujachukua vidole vya watu, ukaandika: nikipoteza hivi vitu, nani ataumia? Vikiangukia kwa asiyestahili, itakuwaje? Kosa lililoiangusha serikali mwaka 2021 ndilo lililoiangusha kampuni mwaka 2025. Moja ilikuwa na bendera na nyingine ilikuwa na tufe linalong'aa, zote zikasahau kujiuliza swali lile lile, kwa sababu hakuna aliyeiona athari kama ni yake. Vijana wanaobishana usiku kucha ni nani mbaya kati ya hao wawili wangezisoma hukumu hizi mbili pamoja, jioni moja, ugomvi ungebadilika sura.

Lakini mahakama ni mbali, na hukumu zinaandikwa kwa Kiingereza. Niwapeleke Garissa.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu walimiminika Kenya, na kambi za Dadaab zikaanzishwa. Wakenya wenye asili ya Kisomali wanaishi pande zote za kambi hizo. Ukaja ukame, mmoja baada ya mwingine. Ngamia na ng'ombe wakafa. Ndani ya kambi mlikuwa na mgao wa unga na mafuta, na zahanati. Nje yake hapakuwa na kitu. Mama Mkenya, mwenye watoto Wakenya, alifanya ambalo mama yeyote hapa angefanya: aliwapeleka watoto wake kambini, akasema ni wakimbizi. Wakaandikwa. Vidole vya watoto vikawekwa kwenye rejista, na familia ikapata unga.

Miaka ikapita. Mtoto akatimiza 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa lake. Akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikajibu kwamba kidole hicho ni cha mkimbizi. Ombi likakataliwa. Yaliyompata huyo yamewapata maelfu ya vijana, na wapo waliovuka umri wa miaka thelathini wakiwa hivyo hivyo. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa. Hupigi kura, huajiriwi kazi ya maana, na ukipanda basi kwenda Nairobi unashushwa kwenye kizuizi cha barabarani. Babu yangu aliepuka barabara kubwa miaka miwili. Wapo walioiepuka miaka kumi na zaidi.

Sasa niambieni, nani amewanyima uhuru hao? Shirika lililowaandika lilikuwa linagawa chakula, na liliandika ili mgao usiibwe. Serikali ililinganisha rejista ili wageni wasijipatie uraia kwa ujanja, na hiyo ni kazi yake. Aliyetengeneza mashine aliuza mashine. Hakuna hata mmoja aliyemchukia mtoto yule. Kila mmoja alishika kipande chake cha uzi, na mtoto ndiye aliyefungwa. Mama yake akienda kwa shirika anaambiwa aende serikalini. Akienda serikalini anaambiwa alete barua ya shirika.

Kwa hiyo swali la uhuru, nionavyo mimi, haliishii kwa nani anashika. Nauliza: aliyetoa, je, anaweza kurudi akasema, nirudishieni? Yupo mtu wa kumwendea, mwenye jina na kiti, anayelazimika kumjibu? Na mtu aliyekataa kutoa, atakula? Mfumo unaojibu ndiyo mara tatu naukubali, uwe wa kampuni au wa serikali, na sijali bendera yake. Mfumo unaojibu hapana hata mara moja ni kengele ya mbuzi, hata kama umetengenezwa kwa dhahabu na una programu nzuri kwenye simu.

Kuna methali tuliyoizoea katika mijadala hii: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Uganda waliiona kwa macho. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zinahusiana na Wizara ya Habari na Teknolojia na zilitumiwa kwa udanganyifu. Rais Museveni akajibu kwa kuifungia Facebook nchini. Usiku wa kuamkia kura ya Januari 14 intaneti ikazimwa yote, ikakaa gizani siku kadhaa. Ilipowashwa, Facebook ilibaki imefungwa. Muuza viatu wa Kampala aliyekuwa akipata wateja wake huko hakuwa mgombea wala mmiliki wa mtandao. Aliamka hana duka.

Methali ni ya kweli, ila inatupotosha kidogo. Tukiirudia sana tunadhani hatari ni siku tembo wanapopigana. Siku nyingi tembo hawapigani. Wanalisha pamoja kwa amani, na nyasi zinaliwa vilevile. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, serikali ilimiliki asilimia 35 ya hisa za Safaricom, kampuni inayobeba pesa za karibu kila nyumba. Sisemi kuna njama. Nasema mtu anayetuambia tukimbilie kwa kampuni ili tuiepuke serikali, au tukimbilie kwa serikali ili tuziepuke kampuni, anatuelekeza vyumba viwili vya nyumba moja. Jirani zetu Tanzania walielezwa mwishoni mwa 2019 kwamba laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole itazimwa. Muda ukaongezwa hadi Januari 20, 2020, na foleni kwenye ofisi za NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya huko, zikazunguka majengo. Agizo lilitoka serikalini, kidole kikachukuliwa na wakala wa kampuni, mara nyingi chini ya mwavuli kando ya barabara. Ulisimama mbele ya nani pale?

Nimesema nina upande. Upande wangu ni wa yule aliye mbele ya mwavuli. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inampa haki ya faragha. Sheria ya 2019 inampa haki ya kuuliza nini kinajulikana juu yake, kukisahihisha, na kutaka kifutwe. Haki hizi zimeshatumika. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Jambo dogo, labda, kando ya kina Altman na mawaziri. Kwangu mimi ndilo kubwa, maana hapo uzi ulivutwa kutoka upande wa raia wa kawaida. Ninachowaomba vijana ni kutumia nusu ya usiku ule mnaotumia kutukanana kuandika barua: ndugu fulani, mnazo taarifa zangu zipi, mlizipata wapi, mmempa nani? Iandikwe kwa Kiswahili. Ipelekwe kwa mkopeshaji wa simu, kwa shule, kwa hospitali, kwa ofisi ya kata. Wataona ajabu mwanzoni.

Nimalizie na jambo la mwezi uliopita.

Nilikuwa na shughuli kwenye ghorofa moja mjini. Mnajua utaratibu: getini kuna meza, juu ya meza kuna daftari kubwa limefunguliwa, na kalamu imefungwa kwa kamba. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakotoka, unakokwenda. Nilipoinama kuandika nikawaona wote waliopita asubuhi ile. Msichana aliyeandika anakwenda ghorofa ya tatu, na ghorofa ya tatu kuna kliniki ya magonjwa ya wanawake. Namba yake ya simu iko hapo, mwandiko mzuri wa duara. Nyuma yangu walikuwa vijana watatu kwenye foleni, na mmoja alikuwa na simu mkononi. Jioni yake mimi mwenyewe nilipata ujumbe wa mkopo kutoka namba nisiyoijua, ukiniita kwa majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Siwezi kusema ulitoka wapi.

Nilipokuwa natoka nilimwendea askari wa getini, mzee wa umri wangu. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, hili daftari liko wazi. Binti yako angeandika hapa, ungependa kila apitaye aisome namba yake?" Hakukasirika. Alilitazama daftari kama analiona mara ya kwanza. Akaniambia daftari si lake, ni la kampuni ya ulinzi, na kampuni iliambiwa na mwenye jengo, na mwenye jengo anasema polisi ndio wanaotaka. Nikamshukuru, nikaondoka.

Wiki iliyofuata nilirudi. Alinitambua kabla sijafika mezani, akatabasamu. Alikuwa amechukua katoni ya sabuni, akaikata kwa wembe kwa ukubwa wa daftari, na katikati akatoboa nafasi nyembamba, urefu wa mstari mmoja. Kila mgeni akimaliza kuandika anaisogeza chini. Niliinama, nikaandika jina langu ndani ya ile nafasi, na sikuona jina la mtu mwingine yeyote.